Windows 10 imeachwa mataani: Je, laptopu yako itupwe ama iwekewe Linux?

Oktoba 14, 2025, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliozinduliwa Julai 2015. Laptopu hazikuzima siku hiyo. Word ilifunguka, YouTube ikacheza, na wengi wetu tukasema "iko tu sawa" tukaendelea na maisha. Hapo ndipo hatari ilipo.

Sasisho la usalama ni kiraka. Tundu likigunduliwa kwenye mfumo, kampuni inaliziba na kukutumia kiraka. Sasa matundu yataendelea kugunduliwa lakini viraka haviji. Mei 2017 tuliona matokeo yake: kirusi cha WannaCry kilifunga faili za watu katika zaidi ya nchi 150 na kudai pesa, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo miezi miwili mapema. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa nacho.

Kwa kijana wa mjini, laptopu ndiyo ofisi. Humo ndimo kuna kazi za mtandaoni, nywila za benki, akaunti ya eCitizen na ya KRA. Mtu akiingia humo, amekuingia mfukoni.

Kwani si tuhamie Windows 11? Shida ni kwamba inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa orodha rasmi, prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Laptopu nyingi tunazonunua Moi Avenue na Luthuli ni "ex-UK", zilizokwisha kutumika kwenye ofisi za ng'ambo. Chukua HP EliteBook 840 G3: prosesa yake ni ya kizazi cha 6. Mashine iko na nguvu, lakini orodha imeikataa.

Microsoft imeacha mlango mmoja wazi: mwaka zaidi wa viraka, hadi Oktoba 13, 2026. Ulaya wanapewa bure. Sisi wa huku tunalipa dola 30, ama tukubali mipangilio yetu ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Ni afueni, lakini ni ya muda. Halafu kuna wale wanaotumia Windows ya kuvunjwa kufuli. Hiyo programu ya kuvunja kufuli yenyewe inaweza kuwa ndiyo mwizi.

Ndiyo maana nasema Linux si ya "ma-IT" tena. Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo kiini hicho ndicho kinachoendesha kila simu ya Android. Ubuntu, toleo lake maarufu, lilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni utu, kwa lugha za kule.

Uchague gani? Kama umezoea Windows, anza na Linux Mint. Menyu iko kona ile ile, inahitaji RAM ya gigabaiti 2 kwa uchache (4 ni afadhali), na toleo la 22 litapata viraka hadi 2029. Kulipakua kunakula karibu gigabaiti 3, nusu hivi ya Ubuntu 24.04. Kwa bando zetu, hiyo ni tofauti kubwa. Mashine ikiwa mzee kabisa, chukua Mint ya Xfce, ni nyepesi zaidi.

Huhitaji kufuta Windows. Mifumo miwili inaweza kukaa pamoja, bora ufuate utaratibu. Kwanza, nakili faili zako kwenye diski ya nje. Angalia kama BitLocker imewashwa; ikiwa imewashwa, andika ufunguo wake wa tarakimu 48 mahali salama, la sivyo unaweza kufungiwa nje ya Windows yako mwenyewe. Zima Fast Startup. Kisha tumia Disk Management kupunguza nafasi ya Windows, uache kama gigabaiti 50 wazi.

Pakua Mint, uiandike kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu ya Rufus (itafuta kila kitu kilichomo). Washa laptopu ukibonyeza F9 kwa HP, ama F12 kwa Lenovo na Dell. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hivyo jaribu Wi-Fi, sauti na kamera kwanza. Ukiridhika, chagua kuiweka kando ya Windows. Usichague kufuta diski! Baada ya hapo, kila ukiwasha utaulizwa unataka mfumo gani. Saa ya Windows ikirudi nyuma masaa matatu, usishtuke: Linux huweka saa kwa majira ya UTC.

Tusidanganyane pia. Photoshop na Microsoft Office ya kuweka kwenye mashine hazifanyi kazi Linux. LibreOffice itafungua faili zako za Word, ingawa mpangilio unaweza kuyumba kidogo. Valorant na Fortnite, sahau. Na kuweka Linux hakuiponyi Windows 10 iliyo kando yake. Kwa hivyo gawa kazi: benki, barua pepe na chochote cha mtandaoni kifanyie Linux, Windows ibaki ya zile programu chache usizoweza kuachana nazo, ikiwezekana intaneti ikiwa imezimwa.

Kabla fundi akuambie mashine yako imepitwa na wakati, muulize: ni kifaa kimekufa, ama ni kampuni imechoka nacho? Kama ni kampuni tu, flashi moja na jioni moja zinaweza kukuokolea pesa za laptopu mpya.