Mtini unafaa nyanda za baridi, lakini soko litangulie shamba

Mkulima wa nyanda za juu zenye baridi, awe Njombe, Makete, Mufindi, Lushoto au Mbulu, hana uchaguzi mpana wa miti ya biashara. Mwembe na mkorosho si miti ya huko. Viazi mviringo vinastawi, lakini kila msimu wa mvua vinadai dawa za ukungu wiki hadi wiki, na bei ya mavuno hupangwa na dalali mwenye lori. Parachichi aina ya Hass limewainua wengi, ila miche yake michanga huungua sakitu inapoanguka mwezi Juni na Julai. Ndiyo maana habari ya mti unaovumilia baridi na usiohitaji dawa kila wakati hupokewa haraka na watu wa maeneo hayo.

Mtini ni mmoja wa miti hiyo. Tini zinatajwa katika Biblia na katika Kurani, ambamo kuna sura yenye jina lake. Zilizokaushwa huuzwa katika maduka yetu pamoja na tende, hasa mwezi wa Ramadhani, na nyingi zinatoka Uturuki, nchi inayoongoza duniani kwa kilimo cha tunda hili. Swali la mkulima ni kama inafaa kuotesha huku kwetu kitu ambacho sasa kinaletwa kwa meli.

Maoni yetu ni kwamba mtini unastahili nafasi katika mashamba ya nyanda za baridi, lakini kwa sasa uwe mti wa ukingoni na nyuma ya nyumba, miche kumi au kumi na tano kwa kaya. Anayeng'oa viazi au mahindi ili ajaze ekari nzima ya mitini kabla hajajua atamuuzia nani anacheza kamari.

Tuanze na sababu za kuupenda. Miti mingi ya matunda ya Ulaya haizai vizuri katika nchi za joto kwa kuwa inahitaji majira marefu ya baridi ili ichipue. Aina nyingi za tufaha, kwa mfano, zinahitaji saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi joto 7. Hata Njombe haina baridi ya muda mrefu kiasi hicho. Wakulima wa tufaha wa Batu, huko Java Mashariki nchini Indonesia, hulazimika kupukutisha majani kwa mkono ili kuudanganya mti kwamba majira ya baridi yamepita. Mtini hauna masharti hayo. Saa za baridi unazohitaji ni chache sana, mara nyingi hazizidi 200.

Wakati huo huo, baridi ikizidi haiumalizi. Mtini uliokomaa na kupumzika, ukiwa umeshapukutisha majani, unaweza kustahimili baridi ya hadi nyuzi 9 chini ya sifuri. Wahamiaji wa Kiitaliano waliohamia New York na Chicago walikuwa wakiifunga mitini yao kwa magunia, au kuilaza na kuifukia udongo, ili ivuke majira ya theluji. Sakitu yetu ni ndogo ikilinganishwa na hiyo. Mche mchanga bado unaweza kuungua, lakini mara nyingi huchipua tena kutoka shinani.

Hapo ndipo unapozidi parachichi la kupandikiza. Parachichi likiungua chini ya mahali lilipounganishwa, kinachochipua ni shina la kienyeji, na mkulima amepoteza aina aliyoinunua. Mtini huoteshwa kwa pingili, hivyo chipukizi linalotoka chini ni la aina ile ile. Zaidi ya hapo, zao kuu la mtini hutokea kwenye matawi mapya. Mti ulioungua matawi mwaka huu unaweza kuzaa kwenye matawi utakayotoa baadaye.

Gharama za kuanza nazo ni ndogo. Pingili yenye urefu wa sentimita 20 hadi 30 na unene wa kidole, ikifukiwa theluthi mbili katika udongo wenye unyevu usiotuama, huota mizizi bila dawa wala mtaalamu. Matunda ya kwanza huanza kuonekana katika mwaka wa pili au wa tatu. Samadi ya wastani inatosha. Mbolea nyingi ya chumvichumvi yenye naitrojeni hukuza majani na kupunguza matunda, kwa hiyo anayeokoa fedha za mbolea hapa hapati hasara.

Pamoja na sifa hizo, kuna mambo manne ambayo muuza miche hawezi kuyataja bila kuulizwa.

La kwanza ni aina. Mitini ya kawaida, kama ile iitwayo Brown Turkey na Celeste, huzaa bila kuchavushwa. Ile ya jamii ya Smyrna, inayosifika kwa tini kavu, haizai mpaka iingiliwe na nyigu mdogo anayeishi katika mtini dume. Wakulima wa California walijifunza hilo kwa gharama. Walipanda miti ya Smyrna katika miaka ya 1880, wakaona matunda yakidondoka machanga mwaka baada ya mwaka, hadi nyigu huyo alipoletwa na kuzaliana mwaka 1899. Mkulima asidanganyike kwamba nyigu wa mikuyu yetu watamsaidia. Mkuyu ni ndugu wa mtini, lakini nyigu wake ni wengine. Anayenunua mche aulize jina la aina, na ikiwezekana auone mti mama ukiwa na matunda. Mche usio na jina usinunuliwe.

La pili ni maji ya angani. Mtini hustahimili ukame lakini hauipendi mvua wakati tini zinaiva. Tunda hupasuka, huchacha na kuvutia wadudu. Unyevu na ukungu wa muda mrefu huleta ugonjwa wa kutu unaopukutisha majani. Kwa hiyo upande wa mlima unaopata mvua karibu mwaka mzima haufai kama upande wenye kiangazi kirefu. Njombe na Makete, ambako mvua hukoma Aprili au Mei na kurudi Novemba, wana kipindi kizuri cha kuivisha, mradi kupogolea kupangwe vizuri. Kuanzia tunda linapojitokeza hadi kuiva hupita miezi mitatu au minne, na penye baridi huchukua muda zaidi. Mkulima apogolee miti yake kwa zamu na aandike tarehe, ili ajue ni upogoaji wa mwezi gani unaompa tini za kiangazi.

La tatu ni jua. Mtini unavumilia baridi, lakini tini haziivi vizuri bila joto. Vitabu vya Uingereza vinashauri upandwe kando ya ukuta unaotazama kusini. Ushauri huo ni sahihi kwa Uingereza. Kwetu sisi tulio kusini ya Ikweta, jua la Juni na Julai hupita upande wa kaskazini. Ukuta wa tofali unaofaa kwa mtini wa Njombe ni ule unaotazama kaskazini, na mteremko unaofaa ni ule ule. Bonde ambalo hewa baridi hutuama usiku liepukwe.

La nne ni minyoo fundo. Hawa hushambulia mizizi, hasa katika udongo wa kichanga, na wakishaingia hakuna dawa rahisi ya kuwatoa. Mahali palipolimwa nyanya kwa miaka mingi pasitumiwe kabla ya kukagua mizizi ya mazao yaliyopo. Tuongeze pia kwamba utomvu wa mtini huwasha na unaweza kuunguza ngozi ikipigwa na jua, kwa hiyo mwenye kupogolea au kuvuna avae mikono mirefu na glavu.

Sasa tuje kwenye fedha, ambako ndiko wengi hukwama. Tini ikichumwa mbichi haiivi kapuni kama ndizi. Ni lazima ichumwe imeiva, na ikishaiva ni laini na haidumu. Bila chumba cha baridi, muuzaji ana siku mbili au tatu tu. Kutoka Makete hadi Dar es Salaam kwa basi, siku moja kati ya hizo imekwisha njiani.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mkulima ana miti kumi, na tukadirie kila mmoja unampa kilo nane kwa msimu wa wiki nane. Hizo ni kilo 80, yaani kilo kumi kwa wiki. Hakuna hoteli itakayoingia mkataba na mtu wa kilo kumi. Lakini majirani ishirini wenye miti kumi kila mmoja wana kilo 200 kwa wiki, na hapo mnunuzi anaweza kuzungumza. Ndiyo maana tunasema miche michache kwa kila kaya na kaya nyingi kwa pamoja, zikiwa na aina moja na ratiba moja ya kupogolea. Shamba kubwa la mtu mmoja kijijini linabeba hatari yote peke yake.

Kukausha ni njia ya pili. Tini mbichi ina maji karibu asilimia 80, na iliyokaushwa vizuri hubaki na maji yasiyozidi robo. Maana yake ni kwamba karibu kilo nne mbichi hutoa kilo moja kavu. Kama mbichi inauzwa shilingi 3,000 kwa kilo, na hiyo ni bei ya mfano tu, basi kavu isipofika shilingi 11,000 na zaidi mkulima amefanya kazi ya kukausha bure, kabla hata ya kuhesabu vifungashio. Aiulize kwanza bei ya jumla ya tini za Uturuki zilizopo sokoni. Hiyo ndiyo atakayoshindana nayo.

Kukausha chini kwenye vumbi hakukubaliki. Tini ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa na ukungu wenye sumukuvu, na mwaka 2016 tuliona sumu hiyo kwenye mahindi ikiua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Zitumike chanja zilizoinuliwa na kufunikwa kwa wavu au nailoni, na tini iliyooza itupwe isichanganywe. Anayetaka kuuza madukani, awe anauza kavu au jamu, aanze na mafunzo ya usindikaji ya SIDO na taratibu za TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo yenye jukumu la kusajili vyakula.

Tunasisitiza tahadhari hizi kwa sababu tumeshaona yaliyowapata wengine. Vanila ilipopanda bei kupita kiasi mwaka 2003, wakulima wa Uganda na Kagera waliikimbilia, na miaka miwili baadaye bei ilikuwa imeporomoka. Nchini Kenya, ufugaji wa kware ulivuma mwaka 2013 na kufikia 2014 wengi walibaki na mabanda ya ndege wasio na mnunuzi. Katika mivumo ya namna hii, wa kwanza kupata faida ni wanaouza mbegu, miche na vifaranga.

Kwa upande wa wataalamu, tungependa vituo vya utafiti vya TARI Uyole na Tengeru viwe na majaribio ya wazi ya aina za mitini, na matokeo yake yamfikie bwana shamba kwa Kiswahili. Wenye vitalu wauze miche yenye jina la aina na risiti. Anayetaka kuleta pingili kutoka nje apitie mamlaka ya afya ya mimea, kwani pingili moja yenye mizizi michafu inaweza kuleta ugonjwa utakaoathiri kijiji kizima.

Kwa mkulima, kazi ya mwaka huu ni ndogo. Tafuta aina moja inayojulikana, panda miche kumi upande wa jua wa nyumba yako, washawishi majirani wafanye vivyo hivyo, na mmoja wenu aende mjini kuuliza bei kwa wenye hoteli na wauza tende. Andikeni kila senti na kila kilo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya misimu mitatu, daftari hilo ndilo litakalowaambia kama mtini unastahili ekari nzima au ubaki pale pale ukutani.