Safari Ilikuwa ya Nani?

Katika wilaya zetu za Kibondo na Kasulu yapo maneno matatu ambayo yamewaponya wadaiwa wengi kuliko wakili yeyote. Maneno yenyewe ni "ni bahati mbaya." Sufuria ya shughuli ikitoboka, ni bahati mbaya. Baiskeli ya jirani ikipinda rimu, ni bahati mbaya. Na siku hizi, watu wanapokodi magari kwenda kuposa, kuzika na kusindikiza maharusi, gari likigongwa nalo ni bahati mbaya, na aliyeligonga hujipangusa vumbi akaenda zake kama mtu aliyenyeshewa na mvua. Mimi nasema bahati mbaya haina mfuko. Haijapata kumlipa fundi hata senti tano. Kila inapotajwa, tafuta vizuri, utamkuta pembeni mtu mwingine anayelipa.

Ni nani basi anayepaswa kulipa? Tangu nistaafu nimeketi katika usuluhishi wa aina hii mara nyingi, na nimechoka kuwaona wazee wenzangu wakikata shauri kwa kugawa hasara katikati kama wanaogawa muhogo. Wanaita hiyo hekima. Mimi naiita uvivu wa kuuliza swali moja, nalo ni hili: safari ilikuwa ya nani?

Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 2019 walinijia vijana wawili, wote walimu, wote waliopita mikononi mwangu chuoni. Mmoja alikuwa amekodi gari dogo pale Kasulu. Ndugu msomaji wa mjini ajue kwamba kukodi gari huku kwetu hakuna meza wala karatasi za kurasa nne. Unamwendea mwenye gari, mnapatana bei ya siku, naye anaandika katika daftari jina lako, gari linakwenda wapi na litarudi lini. Unaacha kitambulisho na malipo, unapewa ufunguo. Daftari lile liliandikwa: Kibondo na kurudi, siku moja, shilingi 70,000. Kijana alikuwa akipeleka mahari, na rafiki yake alikuwa amemsindikiza.

Walifika salama, wakapokewa, wakala wakashiba. Jioni rafiki akaomba ufunguo. Alikuwa na shughuli yake Kakonko, huko mbele ya Kibondo, kumfuata mtu aliyekuwa na deni lake la mahindi. Mwenzake alisita, kisha akampa; utamnyimaje ufunguo mtu aliyekubebea mahari yako? Usiku, katika njia ya pembeni ya udongo mwekundu, gari likaparamia ukingo wa kalavati. Bampa likavunjika, rejeta ikapasuka, taa ya kushoto ikaenda, na gurudumu moja la mbele likabaki linatazama upande. Mtu hakuumia, tunamshukuru Mungu. Vipuri na fundi vilifika shilingi 1,450,000. Mwenye gari akadai na siku 11 ambazo gari lililala gereji, kwa bei ileile ya daftari, yaani shilingi 770,000 nyingine.

Aliyegonga alikuwa na majibu matatu. La kwanza mnalijua. La pili: "Jina lililo kwenye daftari si langu, mimi sina mkataba na mwenye gari." La tatu, lililonipandisha hasira: "Sisi ni marafiki, tugawane nusu kwa nusu, na kwa kuwa sote ni walimu, tuitishe mchango shuleni."

Hoja ya daftari nitaitendea haki, maana nusu yake ni kweli. Mbele ya mwenye gari, mdaiwa ni yule aliyeandikwa. Mwenye gari hakumkabidhi mali yake rafiki wa mtu, alimkabidhi mtu. Sheria yetu ya Mikataba, iliyotungwa mwaka 1961 na ambayo leo ni Sura ya 345, ilifuata kwa sehemu kubwa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Mwingereza aliitumia Tanganyika kabla ya hapo. Inasema kwamba aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye akili timamu anavyotunza yake, na akifanya hivyo hasara isiyo ya uzembe haimwangukii, isipokuwa wamepatana vinginevyo. Lakini ina kifungu kingine ambacho watu wetu hawakijui. Ukiitumia mali ile kinyume cha mlivyopatana, utalipa madhara, hata kama ulikuwa mwangalifu.

Wale waliotunga sheria ya India waliweka mifano ili mtu yeyote aelewe. Mtu anamwazima mwenzake farasi ampande yeye mwenyewe tu. Huyu anampa jamaa yake. Jamaa anampanda kwa uangalifu, farasi anaanguka na kuumia. Aliyeazimwa atalipa. Mwingine anakodi farasi Calcutta kwa safari ya Benares, kisha anakwenda naye Cuttack, farasi anaanguka. Atalipa. Badala ya farasi weka gari, badala ya Benares weka Kibondo na badala ya Cuttack weka Kakonko, utadhani wale mabwana walikuwa wameketi nasi barazani.

Kwa hiyo kijana wa mahari hakuwa na la kujibu mbele ya mwenye gari. Alitoa ufunguo kwa mtu asiyeandikwa, gari likaenda mahali pasipoandikwa. Alilipa, na kwa kulipa aliingia mkopo katika chama chao cha akiba na mikopo, mwezi mmoja kabla ya harusi yake.

Lakini je, deni limeishia hapo? La hasha! Hapo ndipo deni la pili linapoanza, na ndilo ambalo wazee wetu hulifunika kwa blanketi la udugu. Jina la daftarini linaonyesha nani alisimama mbele ya mwenye gari. Halionyeshi nani alikula faida ya safari ile. Aliyekwenda Kakonko alikwenda kwa shughuli yake, kwa mahindi yake. Angeyalipwa, asingegawana na mwenzake hata debe moja. Faida ingekuwa yake peke yake. Kwa hesabu gani basi hasara iwe ya wote? Kumpa mtu ufunguo ni hisani, na mwenye kutoa hisani hajawa mbia. Anayekuazima panga hajakubali kukatwa nalo.

Ingekuwa kinyume, ningesema kinyume. Kama kijana wa mahari angechoka na kumwambia mwenzake, "Nisaidie usukani mpaka Makere," na gari likagongwa pasipo ulevi wala uzembe, nisingemdai dereva hata shilingi. Safari ingekuwa ya yule aliyechoka, na mikono ya rafiki ingekuwa mikono yake. Kwa sababu hii siwaungi mkono hata wale wanaosema aliyeshika usukani ndiye mdaiwa, basi. Wapo wengi waliotozwa hivyo baada ya kuwafanyia wenzao wema, na sasa hawagusi tena usukani wa mtu.

Wala hili si jambo geni lililoletwa na Wahindi na Waingereza. Baba zetu wa Buha walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge, Tanga na kwingineko, na aliyerudi na baiskeli alirudi na mali ambayo kijiji kizima kiliihitaji. Nilikuwa mtoto, lakini nayakumbuka maazimo yake. Aliyeiazima kwenda kuuza asali yake, akairudisha na spoki mbili zimekatika, alirudi na spoki mbili. Hakuuliza kama zilikuwa zimechakaa, hakuitisha ukoo. Lakini mzee alipomtuma kijana wa jirani kumchukulia dawa, na tairi likapasuka njiani, mzee alinyamaza akanunua tairi. Hakuna aliyewasomea sheria. Waliuliza njia ile ilikuwa ya nani.

Sasa nije kwenye michango, maana hapo ndipo pana ugonjwa wenyewe. Sina ugomvi na mchango wa msiba, wala wa mgonjwa, wala wa nyumba iliyoungua. Hao hawakumchagua aliyewapata. Lakini siku hizi mtu akivunja cha watu, kabla hajauza hata kuku mmoja, tayari daftari la michango linazunguka ofisi ya walimu. Mpishi wa shule anatoa 2,000, mwalimu mpya ambaye hajapata mshahara wa kwanza anaandikwa ahadi ya 10,000, na anayekataa anaitwa mchoyo. Tuite jambo kwa jina lake: hapo aliyeharibu amebaki na ng'ombe wake na shamba lake, na hasara imehamia kwa mpishi. Na ukiangalia nani huitishiwa mchango, utaona ni wenye kazi na jamaa wengi. Kibarua anayevunja redio ya tajiri hakuna anayemzungushia daftari. Yeye hukatwa ujira mpaka amalize.

Mwenye gari naye asijione malaika. Tulipofika kwake tuliona stika ya bima kwenye kioo, naye alipenda kusema "gari langu lina bima." Lilikuwa na bima ndogo, ile ya lazima, ambayo hulipa madhara ya watu wengine na haitengenezi bampa la mwenye gari. Mkodi hakuambiwa. Mtu anayefanya gari lake biashara na kukata bima ya chini kabisa ameamua kwamba wateja wake ndio watakuwa kampuni yake ya bima. Basi awaambie kabla hawajachukua ufunguo. Sheria ileile niliyoitaja inambana mkodishaji kwa ubovu wa mali yake hata kama hakuujua. Breki zikikatika zenyewe, asimtafute mtu. Breki za gari hili zilikuwa nzima, ndiyo maana sikumtetea mkodi. Ila bampa lililovunjika lilikuwa limefungwa kwa waya tangu zamani, naye alitaka bei ya jipya. Tukapunguza 100,000. Kati ya siku 11, siku 4 alimzuia fundi asianze mpaka aone fedha mkononi; hizo tukasema ni zake. Zikabaki 7, na kwa kuwa gari lililolala halili tairi wala halimwagiwi oili, tukazihesabu kwa 50,000. Jumla ikawa shilingi 1,700,000. Alinung'unika, akakubali.

Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, umeua urafiki wa vijana hawa kwa ajili ya bati." Nilimjibu kwamba urafiki ulikuwa mahututi kabla hawajafika kwangu. Kwa miezi miwili walikuwa wakipishana sokoni bila salamu, mmoja kwa aibu na mwingine kwa kinyongo, na ilikuwa hivyo kwa sababu hakuna aliyetaja kiasi. Nusu kwa nusu isingewapatanisha; ingemwachia kijana wa mahari shilingi 850,000 za kukumbuka kila akimwona mwenzake. Kiasi kilipotajwa waliweza walau kuzungumza kuhusu tarehe za malipo.

Tulipatana alipe shilingi 100,000 kila mwezi kwa miezi 17, moja kwa moja kwenye ule mkopo. Alikosa mwezi wa Januari kwa sababu ya ada za watoto, akalipa mara mbili Machi. Michango iliyokwisha kukusanywa shuleni ilikuwa shilingi 185,000. Niliagiza orodha isomwe na kila mtu arudishiwe chake, akianza mpishi. Wote walirudishiwa, isipokuwa watatu waliokuwa wamehamishwa vituo, na wao walitumiwa kwa simu, makato ya kutuma yakiwa juu ya yule aliyekwenda Kakonko.