Ligi za barabarani ziishe, Buzwagi kuna nafasi

Ligi za barabarani zinaua. Kijana akishafunga springi ngumu na tairi pana kwenye Subaru yake, lazima atataka kuijaribu. Lakini Kahama ni njia ya malori ya Rwanda na Burundi!

Dawa ipo: autokrosi. Gari moja moja linazunguka koni uwanjani, mpinzani ni saa. Ni kama penalti, kila mtu na zamu yake, na anayekosea anagonga koni, si mama muuza ndizi. Nairobi wanashindania hadi ubingwa.

Mgodi wa Buzwagi ulisimamisha uzalishaji 2021, na eneo lake limetengwa kwa uwekezaji. Kweli kipande cha changarawe, helmeti na gari la wagonjwa kwa Jumapili moja ya mwezi vinashindikana? Hapo si uhaba, ni kutotaka tu.