Gari imeuzwa, jina limebaki

Katika mji wa Lubumbashi, gari za kuuza hazikosekani. Karatasi yenye namba ya simu imebandikwa kwenye kioo, picha zinapita katika makundi ya WhatsApp, na komisionere anatembea kando ya barabara akitafuta mwenye kuuza na mwenye kununua. Kwa njia hiyo Toyota IST inaweza kupata mwenyewe mpya kati ya asubuhi na mangaribi. Feza zinahesabiwa, ufunguo unatolewa, watu wanapeana mkono. Lakini mara nyingi jina la muuzaji linabaki kwenye karte roze.

Hatari inaanzia hapo. Siku gari hiyo itakapogonga mtoto njiani Kasenga, ao kukutwa katika kesi ya wizi, polisi itafuata plaki. Plaki itapeleka kwenye jina, na jina litakuwa la mtu ambaye aliuza gari zamani na kutumia feza zake zote.

Mwenye kuuza kwa haraka si mjinga. Mwezi wa 9 shule zinafunguliwa na minervali inangoja. Kontra ya kazi katika kampuni ya madini imeisha. Mgonjwa yuko hospitalini na daftari ya malipo inazidi kujaa. Kumwambia mtu wa namna hiyo asubiri si kumsaidia. Kinachomsaidia ni kujua kwamba haraka ya kweli inatoka katika makaratasi yaliyotayarishwa mbele ya tangazo. Anayeruka hatua anasogeza tu matatizo hadi kesho.

Kwanza, mnunuzi wa Lubumbashi ana nafasi ya kuchagua. Gari zilizotumika Japani zinashuka bandarini Dar es Salaam, zinavuka Zambia na kuingia Kasumbalesa, kilomita karibu 90 kutoka mjini. Nyingi zina volani kuume, ingawa katika Congo watu wanaendesha upande wa kuume wa barabara. Anayeuza gari iliyokwisha kutembea miaka mingi katika vumbi na mashimo ya hapa anashindana na hizo. Silaha yake ni moja: kuonyesha kwamba gari yake haina fumbo. Mnunuzi akipewa karte roze, karatasi za duane ya DGDA, vinyeti ya mwaka, asiransi na kontrole tekniki kwa siku moja, hana sababu ya kurudi mara tano. Karte roze ikiwa bado na jina la mwenyewe wa kwanza, hilo ndilo la kutengeneza mbele ya kutangaza bei.

Pili, kuficha ubovu hakuharakishi kitu. Mnunuzi mwenye akili atakuja na mekanisia wake, na akigundua kwamba motere inakunywa mafuta, atashusha bei ya gari nzima. Tena sheria ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo hadi leo ni msingi wa mapatano katika Congo, inamtaka muuzaji ajibu kwa kasoro zilizofichika. Afazali kusema mapema na kuandika.

Tatu, komisionere anafanya kazi, na kazi inalipwa. Lakini malipo yake yapatanwe mbele, na yatolewe kisha mauzo. Muuzaji na mnunuzi waonane uso kwa uso, kila mmoja ajue bei ileile. Kujaribu gari kufanyike mchana, muuzaji akiwa ndani. Na kwa kuwa hapa dola yenye kupasuka kidogo inakataliwa hata na muuza mkate, feza zihesabiwe kwenye dirisha la banki, si ndani ya gari.

Kisha kunakuja karatasi ambayo wengi wanaidharau: mapatano ya mauzo. Yaandikwe mara mbili, yawe na majina, kopi za karte ya uchaguzi, namba ya shasi na ya motere, bei, tarehe pamoja na saa ya kutoa ufunguo, na sahihi za mashahidi. Notere akiyathibitisha, ni vizuri zaidi. Kifungu cha 260 cha sheria ileile kinasema mtu anajibu kwa kitu anachokilinda, maana yake anayekuwa na gari mkononi. Kwa hiyo sheria inaweza kumkinga aliyeuza. Lakini bila karatasi yenye tarehe na saa, ataonyesha nini mbele ya tribinali?

Kazi haiishi mpaka jina libadilishwe katika ofisi ya serikali inayoshugulika na plaki. Hapa lawama haiwezi kubebwa na raia peke yake. Ofisi za DGI ni za serikali ya Kinshasa, DRHKAT ni ya jimbo, polisi ina maulizo yake, na kila mlango una foleni yake. Raia akiona kwamba kubadilisha jina kunamwomba siku nyingi na feza asizozijua, anachagua kunyamaza. Viongozi wa Haut-Katanga na wa serikali kuu wanaweza kuweka dirisha moja katika Lubumbashi, bei ikiwa imebandikwa ukutani, ambapo muuzaji na mnunuzi wanaingia pamoja na kutoka kila mmoja na karatasi yake.

Faida si ya muuzaji tu. Serikali ingejua nani wa kulipa vinyeti, polisi ingempata mwenye gari wa kweli, na familia ya aliyegongwa ingejua mlango wa kubisha. Mpaka dirisha hilo lifunguliwe, anayetaka kuuza leo asitoe ufunguo mbele ya mnunuzi kutia sahihi, na aweke kopi yake mahali ambapo atairudilia hata kisha miaka kumi.