Jicho la Bingwa Hufunzwa

Kuna neno moja ambalo limeenea mno katika vyumba vya walimu na vikao vya wazazi, nalo ni kipaji. Mwanafunzi akiongoza katika mbio husemwa amejaliwa. Akilemewa na hisabati husemwa hakujaliwa. Neno lenyewe si baya, lakini aghalabu hutumiwa kuufunga mjadala uliostahili kufunguliwa. Tangu Januari mwaka 2026, wanafunzi waliohitimu Gredi ya 9 wamekuwa wakiingia sekondari pevu kupitia mikondo mitatu ya masomo, mmojawapo ukiwa wa sanaa na michezo. Maadamu kijana wa miaka 14 au 15 anaelekezwa upande huu au ule kwa jina la kipaji, hatuna budi kuuliza kipaji hicho ni kitu gani hasa.

Jibu moja lilipatikana kwenye ubao wa sataranji. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, wakifuata nyayo za Mholanzi Adriaan de Groot, walichapisha matokeo ya jaribio jepesi lakini lenye maana nzito. Bingwa wa sataranji alionyeshwa kwa sekunde 5 tu ubao uliopangwa kama katika mchezo halisi, kisha akatakiwa kuupanga upya kwa kukumbuka. Alizirudisha mahali pake kete zipatazo 16, ilhali mwanagenzi aliambulia 4 hivi. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, bila mpango wowote wa mchezo, ubingwa ule uliyeyuka kama barafu juani. Bingwa akawa karibu sawa na mwanagenzi.

Maana yake ni kwamba bingwa hakuzidiwa wala hakuzidi kwa nguvu za kumbukumbu. Alichokuwa nacho ni jicho lililofunzwa. Pale ambapo mwanagenzi aliona kete moja moja, yeye aliona makundi ya kete yenye maana, kama vile msomaji anavyoliona neno “mwanafunzi” kuwa neno moja wala si herufi 10. Yamkini fundi wa bao katika pwani yetu, akiyatupia macho mashimo 32 na kete 64, huona vivyo hivyo.

Jaribio jingine litawapendeza hasa wanariadha. Mwaka 1980, Anders Ericsson na wenzake walieleza habari za mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Marekani ambaye mwanzoni aliweza kukariri tarakimu 7 tu baada ya kuzisikia mara moja, kama watu wengi. Baada ya mazoezi ya zaidi ya saa 230, alifikia tarakimu 79. Siri yake? Alikuwa mkimbiaji wa masafa marefu, na mara nyingi alipotajiwa tarakimu alizifunga pamoja kama muda wa mbio. Kwa mfano, 3492 ilikuwa dakika 3 na sekunde 49.2, muda wa bingwa wa maili moja. Alipopewa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye 6 hivi. Umahiri wake ulikuwa umejengwa, tena umejengwa mahali pamoja.

Hata hivyo, tusije tukadhani kwamba kurudia jambo mara nyingi ndiko kujifunza. Mtu anaweza kucheza kandanda kila jioni kwa miaka 20 asiongeze chochote ila umri. Mazoezi yanayojenga umahiri ni yale yenye shabaha mahususi, yanayomsukuma mtu kidogo kupita uwezo wake wa jana, na yanayofuatwa na masahihisho. Julius Yego, alipokosa kocha wa kurusha mkuki, aliwatazama mabingwa kama Jan Železný kwenye video za YouTube. Baadaye alipata mafunzo nchini Finland, na mwaka 2015 mjini Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mrusho wa mita 92.72. Video zile zilitazamwa na watu wengi. Tofauti ni kwamba yeye hakutazama kwa kujiburudisha, bali alitafuta mfano wa kuufuata uwanjani.

Wapo watakaopinga, na wana haki. Mchezaji wa mpira wa kikapu hafundishwi urefu. Fauka ya hayo, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mazoezi ya aina hiyo yalieleza takriban asilimia 26 ya tofauti za umahiri katika michezo ya akili na mingineyo ya kushindana kwa werevu, na asilimia 18 katika spoti. Kwa hiyo anayewaahidi wanafunzi kwamba yeyote anaweza kuwa bingwa wa dunia anawadanganya. Lakini uchambuzi huo haukusema kwamba sehemu iliyosalia yote ni ya kuzaliwa nayo, sembuse kwamba mwalimu anaweza kuitambua kwa kumtazama mtoto usoni. Hatuwezi kujua mwisho wa uwezo wa mtoto ambaye hatujaanza kumfundisha.

Hapa ndipo wajibu wa mwalimu unapokuja. Mwalimu wa michezo anayewatupia wanafunzi mpira kisha akaenda zake hajawafunza. Vivyo hivyo, mwalimu wa hisabati anayetia alama nyekundu bila kuonyesha hatua iliyopotoka hajasahihisha, amehukumu tu. Nanyi wanafunzi, kuyafanya makaratasi 10 ya mitihani iliyopita bila kurejelea mlikokosea ni sawa na kurusha mkuki 10 gizani.

Mwanafunzi mwepesi naye asisahauliwe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Anayeambiwa kila siku kwamba amezaliwa bingwa huanza kuuogopa mtihani unaoweza kufichua kwamba bado anajifunza.

Basi kabla hatujaandika kwamba mtoto fulani hana kipaji cha jambo fulani, tujiulize maswali mawili. Je, amewahi kuonyeshwa jinsi ya kulitazama jambo hilo? Je, alipokosea, yupo aliyeketi naye kumwelekeza? Ikiwa jibu ni la, upungufu huo si wa mtoto. Ni wetu.