Pima madigadi kabla ya kununua rimu

NJIA PANDA
Na Mwinshehe Kondo

Toyota iliacha kuunda Starlet mwaka 1999, nafasi yake ikachukuliwa na Vitz. Hata hivyo hapa Chalinze, pale barabara ya Morogoro inapoachana na ile iendayo Segera, Tanga na Arusha, Starlet bado zinapita kila siku, nyingi zikiwa za usajili wa zamani, namba A na namba B. Mwisho wa wiki hupita zile zilizorembwa: zimeshushwa, zimepigwa rangi upya, zimevalishwa rimu za spoti. Nawaheshimu vijana wanaozitunza. Gari dogo la miaka ya tisini likitoka Dar likafika Arusha bila kuvutwa, mwenye nalo ana haki ya kujivunia. Uchungu wangu ni kwamba nyingi katika hizo zinauawa na rimu.

Mwenendo huwa mmoja. Kijana anaona rimu ya 16 au 17, inamvutia, ananunua nne. Kisha anazipeleka gereji na kumwambia fundi azikalishe. Fundi hakatai kazi: anagonga mdomo wa madigadi kwa nyundo, anaweka speisa ya kuisogeza rimu nje, anakata springi ili gari lilale. Siku za mwanzo picha zinapendeza. Baadaye tairi linaanza kulika upande wa ndani, beringi inalia, na abiria wawili wakikaa nyuma madigadi yanachana tairi.

Cha kupima kwanza ni kimo cha tairi zima. Tuchukue tairi la 155/80 la rimu ya 13, saizi ya kawaida kwa vigari vya aina hii. Namba 155 ni upana kwa milimita, na 80 ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, yaani milimita 124. Jumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu yenyewe, unapata milimita 578. Giaboksi, spidomita na nafasi ya ndani ya madigadi vilipangwa kwa kimo kinachokaribia hicho. Sasa linganisha. Tairi la 175/70 kwenye rimu ya 13 lina milimita 575. La 185/60 kwenye rimu ya 14 lina 578. La 195/50 kwenye rimu ya 15 lina 576. Kimo kimebaki palepale, kinachopungua ni ubavu: kutoka 124 hadi 111 kwenye rimu ya 14, hadi 97.5 kwenye ya 15. Ukifika 205/40 ya rimu ya 17, ubavu umebaki milimita 82 na kimo kimepanda hadi 596. Umepoteza ubavu na bado tairi linagusa juu.

Ubavu huo ndio unaopokea kishindo kabla hakijafika kwenye rimu, shokapu na bodi, na barabara yetu haijaishiwa vishindo. Malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi yanapita Chalinze usiku na mchana. Pale yanapojaa na kupunguza mwendo, lami hukandamizwa ikafanya mifereji miwili mirefu. Tairi pana lenye ubavu mfupi hufuata kingo za mifereji hiyo, usukani unavutwa huku na huku, na kinyume chako anakuja mtu na semi-trela. Dereva wa kigari chepesi hapaswi kujiongezea mashaka hayo kwa pesa yake mwenyewe. Ukitoka kwenye mifereji unakutana na matuta ya vijijini, na ukichepuka kuelekea machimbo ya kokoto ya Lugoba unakutana na mawe yenye ncha. Rimu kubwa yenye tairi la ubavu mfupi ikipiga shimo inapinda au inapasuka, kisha inachomelewa na kurudishwa barabarani. Mimi sipandi gari la namna hiyo, na watoto wangu hawapandi.

Upana nao una hesabu yake, na hapo ndipo madigadi yanapoingia. Rimu ikizidi upana kwa inchi moja inaongeza milimita 12.7 upande wa ndani na 12.7 upande wa nje. Tena kwenye rimu nyingi kuna herufi ET na namba mbele yake: hiyo inaeleza sehemu inayobana kwenye habu iko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. ET ikipungua kwa milimita moja, tairi linatoka nje kwa milimita moja. Basi aliyetoka kwenye rimu ya upana wa inchi 5 yenye ET 39 akaenda kwenye ya inchi 6 yenye ET 30, amelitoa tairi nje kwa karibu milimita 22, na ndani limesogea karibu 4. Hesabu hiyo inafanyika kwa kalamu na karatasi palepale dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Milimita 22 ni nyingi kwa madigadi ya kigari kama hiki. Na si madigadi tu. Tairi likisogea mbali na pale Toyota walipoliweka, mzigo unaielemea beringi kwa nguvu zaidi na usukani unakuwa mzito, hasa kwa Starlet isiyo na pawa stelingi. Speisa inaleta matokeo hayohayo, pamoja na hatari ya nati kushika nyuzi chache za stadi. Wengi pia wanaamini kwamba kwa kuwa nati ni 4 na duara zinamokaa lina kipenyo cha milimita 100, kila rimu ya duara hilo inafaa. Tundu la katikati la rimu ya Toyota hizi ni milimita 54.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi inahitaji pete ya kujazia, la sivyo haikai katikati ya habu sawasawa na gari litatetemeka kwenye mwendo hata ukisawazisha matairi mara ngapi.

Anayetaka tairi pana basi apanue madigadi, na apanue kwa heshima. Mimi ni mpenzi wa madigadi yaliyotunishwa, na Afrika Mashariki ina sababu ya kuyapenda. Mwaka 1972 mashindano ya East African Safari yalianzia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland, akiongozwa njia na Gunnar Palm wa Sweden, akashinda kwa Ford Escort RS1600. Alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuyashinda. Escort ni gari dogo, na rimu za kiwandani za RS1600 zilikuwa za inchi 13. Walipotaka tairi pana kwa magari yao ya mashindano, mafundi wa Ford waliyatunisha madigadi yakatoka nje ili tairi lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Bodi ndiyo iliyolifuata tairi. Uzuri wa gari lile, ambao vijana wanauiga mpaka leo, ulizaliwa na kazi.

Historia ya Mini inafundisha jambo jingine. Alec Issigonis aliibuni na ikatoka mwaka 1959 ikiwa na rimu ya inchi 10 ili nafasi iliyobaki ichukuliwe na watu na mizigo. Ilikaa na udogo huo miaka mingi. Mwaka 1984 Mini zote zilipopewa rimu ya 12, sababu kubwa ilikuwa kupata nafasi ya diski kubwa zaidi za breki, na kiwanda kikaongeza vipande vya plastiki kwenye madigadi kufunika tairi. Starlet nayo ina mfano wake: zile za turbo, GT na Glanza V, zenye injini ya 4E-FTE, Toyota wenyewe walizitoa na rimu ya 14. Basi aliyefunga injini hiyo kwenye Starlet ya kawaida ana sababu halali ya kuongeza rimu, kwa kuwa anahitaji na breki kubwa. Aliyebaki na injini yake ya zamani hana haraka yoyote.

Kazi ya madigadi ya nyuma ndiyo inayoharibiwa zaidi. Pale pana mabati mawili, la nje na la ndani, yaliyoshikamana kwenye mdomo. Fundi akikata ili kupachika madigadi ya faiba, mabati hayo yanaachana, na uwazi unabaki. Wengi huuziba kwa puti na kupaka rangi. Matope ya masika yanaingia, na kwa gari linalolala Bagamoyo upepo wa chumvi unamalizia. Kutu inakula kutoka ndani wakati nje kunang'aa. Mabati yakishakatwa lazima yakunjwe yakutane, yachomelewe mzunguko mzima, yapakwe dawa ya kutu, ndipo madigadi mapya yafungwe. Kama ni kukunja mdomo tu bila kukata, rangi ipashwe joto kwanza na bati likunjwe polepole, maana nyundo inapasua rangi na kutu haikawii. Na tairi lisitokeze nje ya madigadi hata kidogo. Barabara ya malori ya kokoto imejaa changarawe, na tairi lililo wazi linamrushia mwendesha bodaboda aliye nyuma yako, usoni.

Kabla ya kuamua, azima tairi na rimu ya saizi unayoitaka uifunge kwa jaribio. Pakia watu wanne, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, pita kwenye tuta polepole. Paka chaki kwenye ukingo wa ndani wa madigadi. Ikikutwa kwenye tairi, umepata jibu bila gharama. Ukinunua tairi, la mtumba au jipya, soma tarakimu 4 za mwisho kwenye alama ya DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Joto la pwani huzeesha mpira hata kama kashata bado zinaonekana nzuri.

Hukumu yangu kwa Starlet ya kutembea barabara hizi ni rimu ya 14 yenye tairi la 185/60, ET iwe karibu na ya kiwandani, na madigadi yatunishwe kiasi cha kulifunika. Rimu ya 15 naikubali kwa gari la mjini lenye shokapu nzima. Ya 16 na 17 ziachiwe magari yaliyoundwa kwa ajili yake. Na kama pesa haitoshi kulipia matairi manne mapya pamoja na fundi wa bodi, baki na rimu ya 13, vaa 175/70, na fedha inayobaki nunua shokapu na bushi.