Sheria Inayokomea Darajani

Mto Lwakhakha huteremka kutoka Mlima Elgon, mlima ambao wenyeji wake huuita Masaaba. Mto huo ndio mpaka baina ya Kenya na Uganda, na maji yake huendelea hadi Malaba, yakaingia Mpologoma, yakafika Ziwa Kyoga na hatimaye Nile. Ng'ambo ya mashariki ni Kaunti ya Bungoma. Ng'ambo ya magharibi ni Wilaya ya Namisindwa. Mji wenyewe una jina moja pande zote mbili, na Mbukusu wa huku hahitaji mkalimani anapozungumza na Mmasaaba wa kule. Hata tohara ya vijana wao huandamana: hufanywa katika miaka inayogawika kwa mbili, huku na huko.

Hata hivyo, kipo kitu kimoja ambacho hubadilika hali mara tu kinapovushwa darajani, nacho ni mfuko wa plastiki. Upande mmoja ni chombo cha kubebea sukari na nyanya. Upande wa pili ni kielelezo cha kupelekwa mahakamani. Kwa miaka kadhaa sasa magazeti yetu yamekuwa yakiripoti jinsi mifuko hiyo inavyoingizwa nchini kwa magendo kupitia Busia, Malaba na Lwakhakha, na yeyote anayezuru masoko yetu ya Bungoma na Kitale ataiona ikitolewa chini ya meza kama dawa ya kulevya. Yafaa tujiulize kwa nini sheria iliyosifiwa duniani kote hukwama katika mto mdogo kama huu.

Hebu tuikumbuke historia yake kwa ufupi. Kenya ilijaribu kupiga marufuku mifuko myembamba mwaka wa 2007, ikajaribu tena 2011, na mara zote mbili juhudi hizo zikafifia. Kisha tarehe 28 Februari 2017 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, Profesa Judi Wakhungu, akatoa tangazo katika gazeti rasmi la serikali, na marufuku ikaanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti mwaka huo huo. Adhabu yake ni miongoni mwa adhabu kali zaidi duniani: faini ya kati ya shilingi milioni mbili na milioni nne, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na minne.

Sababu za kuchukua hatua hiyo zilikuwa za kweli. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kuwa maduka makubwa peke yake yalikuwa yakitoa mifuko milioni 100 kwa mwaka nchini Kenya. Wachinjaji walikuwa wakiikuta matumboni mwa ng'ombe. Miaka mingi kabla ya hapo, marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa ameonya kwamba mifuko iliyotupwa ovyo hukusanya maji ya mvua, na maji hayo yakawa makazi ya mbu waenezao malaria. Mkulima naye alijua bila kuambiwa na profesa yeyote kwamba jani la mgomba likifukiwa shambani huoza likawa mbolea, ilhali juala likifukiwa leo litafukuliwa na mjukuu wake likiwa lile lile.

Uganda nayo haikukosa sheria. Mwaka wa 2009, kupitia sheria ya fedha, ilipiga marufuku mifuko yenye unene wa chini ya maikroni 30. Lakini utekelezaji umekuwa wa kupanda na kushuka: leo msako, kesho kimya. Basi tuna sheria mbili zisizolingana kipimo wala ukali, na mto mmoja katikati. Palipo na hali kama hiyo, magendo hayahitaji mwalimu.

Mimi ni mtu wa lugha, na huenda msomaji akauliza mwanaisimu ana shughuli gani na takataka. Jibu langu ni kwamba sheria ni maneno kabla ya kuwa askari. Askari huja pale maneno yanaposhindwa. Na katika jambo hili, naamini maneno yetu yalishindwa mapema kwa sababu hayakusemwa kwa lugha ya wale waliotakiwa kuyatii.

Tangazo la 2017 lilichapishwa kwa Kiingereza, kama yalivyo matangazo mengine ya gazeti rasmi. Lilikuwa limejaa istilahi za viwandani zilizoeleza mifuko yenye mikono na isiyo na mikono, yenye mikunjo ya kando na isiyo na mikunjo. Mama anayeuza mboga Lwakhakha haujui mfuko huo kwa majina hayo. Yeye huuita juala, au karatasi, au hutumia neno la jirani zake wa Uganda, kaveera. Ndugu zetu wa Tanzania walikuwa wakiuita rambo. Kila jamii ilikuwa imekipa kitu hiki jina lake la mtaani, ishara kwamba kilikuwa kimeingia katika maisha ya kila mtu. Sheria ilipokuja kukiondoa, haikuyatumia majina hayo. Matokeo yake ni kwamba watu wengi waliipata sheria kwa njia ya uvumi, na uvumi hauna vifungu. Mpaka leo utamsikia mchuuzi akidai kuwa juala jeupe limeruhusiwa na jeusi ndilo haramu.

Tutazame wenzetu waliofaulu. Rwanda ilipitisha sheria yake mwaka wa 2008. Wengi huisifu nchi hiyo kwa ukali wa maofisa wake mipakani, nao ukali upo. Lakini jambo lisilotajwa ni kwamba sheria za Rwanda huchapishwa kwa Kinyarwanda sambamba na Kiingereza na Kifaransa, na kwamba kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi wananchi hukutana katika umuganda, wakafanya kazi za pamoja kama usafi, kisha wakajadiliana kwa lugha yao kuhusu mambo ya serikali. Mwananchi huko huisikia sheria akiwa na jembe mkononi.

Tanzania Bara nayo ilianza marufuku yake tarehe 1 Juni 2019, baada ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kuitangaza bungeni mwezi Aprili. Aliitangaza kwa Kiswahili, katika Bunge linalojadili kwa Kiswahili, na siku hiyo hiyo mvuvi wa Mwanza na muuza maandazi wa Tanga walijua tarehe na walijua maana. Sisemi kwamba Tanzania haina mifuko hata mmoja leo. Nasema kwamba hakuna aliyeweza kudai kuwa hakuambiwa.

Sisi Wakenya tuna udhuru gani? Katiba yetu ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na katika kifungu cha 42 imempa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Haki hizo mbili zimeandikwa katika kitabu kimoja lakini hazijawahi kukutanishwa. Uganda nayo ilikitambua Kiswahili kama lugha rasmi ya pili katika mabadiliko ya katiba ya 2005, na mwaka wa 2022 baraza lake la mawaziri likaidhinisha kitumiwe hivyo. Maadamu nchi zote mbili zimekubali lugha moja kwenye karatasi, kwa nini zisiitumie kuzungumza juu ya mto wao mmoja?

Wapo watakaosema kwamba lugha haizoi taka, na kwamba mwenye njaa hatazami istilahi bali bei. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Mama anayeuza mafungu ya nyanya ya shilingi kumi au ishirini hawezi kumpa mteja mfuko unaogharimu nusu ya fungu. Hapo ndipo lilipo tatizo la pili, ambalo ni ukali usio na mizani. Mtu ambaye bidhaa zake zote hazifiki shilingi elfu mbili akitishwa na faini ya milioni mbili, kinachozaliwa si utiifu. Kinachozaliwa ni mapatano ya chini kwa chini. Faini isiyolipika ni mtaji wa mla rushwa. Mwenye shehena ya marobota hupita usiku, na mwenye majuala kumi kikapuni hukamatwa mchana. Sheria ya namna hiyo humfundisha mnyonge kwamba mazingira ni neno jingine la kumnyanyasia, na akishalifundishwa hilo, itachukua kizazi kizima kumfundisha vingine.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka ng'ambo.

Kwanza, marufuku hii na kanuni zake ziandikwe upya kwa Kiswahili chepesi, zikitumia majina ya sokoni, zibandikwe kwenye masoko na darajani, na zisomwe katika mabaraza ya machifu, makanisani, misikitini na redioni. Zisomwe pia kwa Kibukusu na Kimasaaba, ambazo ni lugha zinazosikilizana. Tangazo moja la redio katika lugha hizo husikika pande zote mbili za mto, na mawimbi ya redio hayaombwi pasipoti.

Pili, faini ipimwe kwa mizani. Mwenye kiwanda na mwingizaji wa shehena waendelee kuikabili milioni. Mchuuzi na mnunuzi wapewe adhabu inayolipika, au kazi ya kuzoa taka sokoni kwa siku kadhaa. Adhabu ndogo inayotekelezwa hushinda kubwa inayonunuliwa.

Tatu, Bungoma na Namisindwa zikubaliane kabla ya kuzisubiri Nairobi na Kampala. Bunge la Afrika Mashariki limewahi kuujadili mswada wa kudhibiti mifuko hii katika kanda nzima, lakini hadi sasa kila nchi ingali inafuata sheria yake. Viongozi wa mpakani wanajuana, na wengine ni wakwe. Wanaweza kuafikiana kuhusu siku za usafi wa mto, mahali pa kukusanyia taka, na namna ya kuwashughulikia wenye maghala yanayojulikana.

Na sisi wanunuzi je? Tusijifiche nyuma ya serikali. Kabla ya juala, wazazi wetu hawakurudi nyumbani na sukari viganjani. Kikapu na kiondo vilikuwapo, nyama ilifungwa kwa jani la mgomba, na maziwa yalibebwa kwa kibuyu. Kikapu kimoja cha mkonge hudumu miaka, na aliyekisuka ni mwanamke wa kijiji ambaye shilingi yake huzunguka papo hapo. Mfanyakazi wa ofisi aliye Kitale mjini, ambaye ana gari na mshahara, hana sababu yoyote ya kumwomba mama mboga juala la magendo na kumwachia yeye hatari ya kukamatwa. Anayelipokea juala ni mshirika wa aliyelivusha.

Lugha yetu ina kosa moja dogo ambalo nalitaja nikihitimisha. Tunasema "kutupa taka" kana kwamba kitu kilichotupwa kimekwisha. Lakini neno mazingira lenyewe latokana na kuzingira, yaani kuzunguka pande zote. Kinachotupwa hakitoki nje ya kilichotuzunguka. Juala linaloangukia mtoni Lwakhakha leo litaonekana Malaba mvua zikinyesha, na yule atakayeliokota hataweza kujua kama lilitoka kwa Mkenya au kwa Mganda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko darajani, na tunao maneno ya kutosha kuuziba iwapo tutakubali kuyasema kwa lugha ambayo watu wa huko wanaielewa.